Mamake Yuko Wete

Idi ya pili, Maabela. Mishikaki imekwisha,
makaa uani yamekuwa majivu meupe,
na sisi kumi na moja tumebanana ukumbini
chini ya kiyoyozi kinachokohoa
kuitazama "Kituo cha Zohali", toleo la sikukuu,
mwaka wa ishirini na sita tangu kiruke mara ya kwanza.

Saa moja na nusu. Kisha majina yakapanda juu ya nyota
na vita vikaanza.

Ghalibu alirusha mto. "Wameua kanuni!
Mlango wa wakati haufunguki mara mbili,
walisema wenyewe, msimu wa tatu,
leo umefunguka kama mlango wa duka la mkate!"
Zamzam bado anafuta macho kwa ncha ya shela:
"Wewe kanuni tu. Hukumwona alivyomkumbatia?"
Mundhiri, miaka tisa, alitaka mlipuko,
na hapakuwa na mlipuko hata wa kusingizia,
theluji tu, na taa, na watu wa sayari ya barafu
wakila keki na kuombana radhi.
Raya alisema theluji ile ni pamba.
Kweli ilikuwa pamba. Niliona uzi.

Mimi sikusema. Nilikuwa na kesi yangu.

Maana mwaka huu Ami Suleyumu yuko zamu Duqm,
bandari haijui Idi,
na kazi yake ya miaka yote nikarithishwa mimi:
kukaa zuliani, karibu na goti la Bibi Thuwaiba,
nimpe kwa Kiswahili wanayosema kwa Kiingereza,
kwani Kiarabu kinachopita chini ya kioo
kina mbio kuliko macho yake.
Nikafasiri neno kwa neno, kama karani wa mahakama.
"Nahodha anasema: Mama, nimekutafuta galaksi nne."

Bibi akageuza shingo polepole.
"Mama gani?"
"Mamake, Bibi. Yule mwenye nywele nyeupe."
"Yule si mamake. Mamake yuko Wete."

Wete!
"Anauza vitumbua karibu na soko. Humwandikia mwanawe barua
kila Mfungo Mosi. Kwani wewe umeanza lini kuangalia?"
Na yule roboti ninayemwita Pimo
jina lake Mzee Birika, ana mke Chake Chake,
na adui mwenye pembe hakutaka kamwe kuliteka jua,
anadai tu mahari yake, iliyoliwa na mkwewe.

Ghalibu akasahau kanuni. Zamzam akasahau machozi.
Miaka ishirini na sita, Ami Suleyumu,
ulituketisha sote mbele ya kioo kimoja
ukamwonyesha mama yako kipindi kingine.

"Wameharibu," Bibi alihukumu. "Mwaka huu wameharibu kabisa."
Hata Ghalibu hakuwahi kuchukia kwa utulivu ule.

Simu iliita baada ya kahawa ya pili.
Bibi hakuuliza joto la Duqm, wala kama mtu amekula.
"Suleyumu, hawa watoto wamenionyesha uongo."
Kimya. Huko nyuma winchi ikanguruma.
Kisha sauti ikakohoa, ikajipanga:
"Mama, yule mwanamke wa barafu ni laghai,
kajivika sura. Nahodha alimjua tangu mlangoni,
ndiyo maana alimkumbatia kwa mkono mmoja.
Wa pili ulikuwa mfukoni, umeshika barua ya Wete."

"Mkono mmoja," Bibi akasema, akitutazama.
"Mnaona?"

Mundhiri akarudisha nyuma.
Kumi tukainama mbele ya kioo,
wa kumi na moja akanywa kahawa yake:
theluji ya pamba, uzi, mama na mwana wamekumbatiana,
na wallahi,
mkono wa kushoto wa nahodha hauonekani.