Mkaa wa Mihambo

Mihambo ametuma kifurushi kutoka anakofanya kazi,
mbali, kwenye nchi ambayo mvua yake haina radi.
Ndani: soksi za baba, dawa ya macho,
na kipande cheusi cha sahani iliyovunjika,
chepesi kama kifuniko cha kibuyu.

Mama alikigonga kwa ukucha, akakisikiliza.
Ting.
Ndivyo anavyopima mkaa siku zote:
ulioiva hulia, mbichi hunyamaza.
"Mti gani huu?" akauliza.
"Mtundu hauna sauti hii.
Wala si mninga."

Nikapiga simu, nikaweka spika,
pale kwenye jiwe ambapo mtandao wa Ipole hufika.
Mihambo akasema: Mama, huo si mti. Ni uzi.
Uzi mweupe uliookwa mpaka ukawa mweusi,
ukatandikwa tabaka juu ya tabaka,
kisha sindano zenye miiba, maelfu,
zinashuka, zinapanda, zinashuka,
zinaushona mkeka kwenda chini
usije ukabanduka kama gome.
Halafu unaingia tanuri.

"Tanuri," mama akasema, akaisogelea simu.
"Mnaziba na nini?"

Chuma, mama. Hewa haingii,
hata ya kuzima kibatari.
Ikiingia, kazi yote ni majivu.

Mama akatikisa kichwa
kama mtu aliyetajiwa jina la kijiji chake.
Yeye huziba kwa nyasi na udongo wa kichuguu,
huacha vitundu vya pumzi, huvihesabu gizani kwa kidole,
na usiku wa tano tanuri likipasuka ubavu
huamka kabla ya mbwa, akakimbia na jembe.
Moshi mweupe: maji bado yanatoka.
Moshi wa bluu: usilale.

"Siku ngapi?"

Wiki, mama. Wiki kadhaa.
Tunapitisha gesi polepole, kama mtu anayenong'ona,
nayo inaacha kaboni yake ndani ya vinyweleo, chembe kwa chembe.
Ukiharakisha, kinyweleo kinafunga mlango
na ndani kunabaki tupu.
Tunakitoa, tunakichonga uso, tunakirudisha.

"Wiki," mama akarudia.
Kwa mara ya kwanza tangu aondoke
hakumuuliza kama anakula.

Kazi yake? Kusimamisha gari la mashindano.
Kikiwa baridi hakishiki, kinateleza tu;
lazima kwanza kipate moto,
ndipo king'ate.
Na kila kona kinaacha vumbi kidogo la mwili wake.

Baba alikuwa kimya kwenye kigoda, anavaa soksi.
Miaka kumi na minane alishuka mteremko wa mto Walla
na magunia manne nyuma ya baiskeli;
mipira ya breki ililika zamani,
breki ilikuwa katambuga, mguu kwenye tairi,
harufu ya mpira mpaka darajani.
Soksi ya kulia inapwaya
pale vidole viwili vilipokuwa.
"Hilo gari," akauliza, "linabeba nini?"

Dereva, akasema Mihambo.
Dereva tu.

Baba akacheka mpaka akakohoa.

Usiku mama akakitia jikoni, katikati ya makaa ya myombo,
akabandika maharage.
Kikawa chekundu chote, bila moshi, bila kupasuka,
nasi tukala bila kukitaja.
Asubuhi akakichokoa kwa kijiti:
kingo zimelika, pembe moja imekuwa butu,
jivu lake halionekani.

"Basi," akasema, "ni mkaa."

Akakifuta kwa khanga, akakiweka dirishani
karibu na ndoo ya asali,
kisha akanituma tena kule kwenye jiwe
nikamuulize Mihambo
huko kwao gunia wanauza shilingi ngapi.