Jamii Ina Mgongo

Kijana wa utafiti alipanda hadi kwetu Mabatini,
akashika jiwe, akashika ukuta, akashika magoti yake,
kisha akatoa karatasi.
"Nani anamtunza huyu bibi?"
Familia. Serikali. Dini. Jamii.
Weka vema penye jibu.

Bibi Nyanzobe alikuwa anachambua dagaa.
Akaniangalia mimi. Mimi nikaangalia ndoo.

Mwanawe yuko Geita, ndani ya shimo la dhahabu au la deni;
simu yake huita mara moja kwa mwezi.
Serikali ilimpa kitambulisho cha matibabu bure.
Kipo, kimeviringwa kwenye nailoni, kisafi,
ila dirisha la wazee liko chini na yeye yuko juu,
na katikati kuna mawe mia mbili na kumi na manne.
Idadi tunaijua: tulimshusha kwa kiti cha plastiki,
Masalu mbele, Lushinge nyuma,
na kila tulipopumzika alitutukana kwa Kisukuma
tukacheka hadi kiti kikayumba.

"Andika jamii," akasema mwenyekiti wa mtaa.
Kijana akaandika.
Neno likakaa vizuri, halina jasho.

Nilitaka kumwambia:
jamii ya Jumanne ni mimi.
Jumatano ni Mbuke, akitoka mwaloni ananuka sangara.
Alhamisi jamii ilishikwa na malaria,
bibi akashinda na uji wa jana.
Jamii huvaa kanga. Sijaona bado
jamii yenye ndevu ikimsugua bibi mgongo,
na mgongo unaouma usiku
haumo kwenye karatasi.

Tena, kama nafasi ingebaki, ningesema
funguo za vyumba sita ziko kiunoni mwake.
Mwanangu akitoka shule hupita kwake kwanza.
Usiku nilipojifungua, kabla ya bodaboda, kabla ya nesi,
mikono ilikuwa hii inayochambua dagaa.
Basi kutunza kunaanzia kwa nani?
Ngomani tukimtunza mchezaji
tunambandika noti kwenye paji la uso,
wala hakuna anayemwita mzigo.

Kijana akafika swali la mwisho:
idadi ya wategemezi katika kaya.

Bibi, ambaye tulidhani hasikii,
akainua kidole chenye magamba
akaanza kutuhesabu,
mwenyekiti akiwemo.