Tengua

Programu nilipewa na Ngwali, fundi simu wa sokoni Wete,
ndani ya flashi yenye kifuniko kilichoyeyuka.
Nikamuuliza bei. Akacheka: "Hii haina mwenyewe.
Au ina wenyewe wengi mno, pesa hujui umkabidhi nani."
Matumbo yake yako nje, akasema, yameanikwa
kama karafuu juu ya jamvi, apitaye aone,
atakaye ageuze kwa kiganja, zisiote ukungu.

Nikageuza mahali padogo. Maneno.
Usiku, baba akikohoa chumba cha pili,
nikaanza kuivisha menyu Kiswahili chetu:
Fungua. Hifadhi. Zungusha. Unga.
Nikafika kwenye amri ile ifutayo kosa la mwisho,
nikaandika Tengua,
na mkono ukaganda juu ya kipanya.

Maana nyonga ya baba ilitenguka.
Mwaka wa msimu mkubwa, shambani Mzambarauni:
tawi, kisha hewa, kisha pakacha juu yake.
Mganga wa mifupa akavuta mara tatu, akasema Mungu mwema.
Neno moja, la kuvunja na la kurudisha.
Sikulibadilisha. Liko pale hadi leo, juu kushoto.

Filamu yangu ni ya dakika mbili na nukta kumi na moja.
Ndani yake mkarafuu unampanda mtu.
Unaanzia vidole vya miguu, taratibu, mzizi kwa mzizi,
unashika magoti, unajipachika begani,
unatoa upembo na kuvuta karibu
vitu vilivyoiva kichwani mwake:
jina la ng'ombe, deni la pishi sita,
kicheko cha mama cha kabla sijazaliwa.
Unavianika juani. Makonyo yake
yanaota miguu, yanakwenda yenyewe kupimwa,
na mizani inaona haya, inajifunika uso.

Mti hauwezi kutembea bila mifupa.
Basi nikautia: mmoja shinani, tisa matawini,
kisha nikaupaka uzito, kama programu itakavyo,
nyekundu pale mfupa unapovuta,
buluu pale usipofika.
Nikajikuta nakiwaza kiuno cha baba, chote buluu.

Kila picha ilichukua dakika saba kuiva.
Picha ishirini na nne ndiyo nukta moja. Piga hesabu,
kisha toa umeme.
Feni ya kompyuta ilivuma
kama mtu apulizaye chai asiyokusudia kuinywa.
Siku ya tisa kukawa giza Limbani nzima.
Mama akaweka kandili mezani,
akaigusa mashine kwa nyuma ya mkono, kama mtoto mwenye homa,
akasema: "Ipepee."

Tulimwekea baba kiti cha mikono ukumbini.
Alitazama mara moja, akaomba tena.
Sikujua nitazame kioo au uso wake.
Nilingoja aseme: umenifanya kichekesho.
Akasema: "Asaa, tawi la mkarafuu haliinami hivyo.
Linakuhadaa, linakuchekea, kisha pu.
Na yule mtu, mbona anapiga ukelele?
Mimi sikupiga. Nilikuwa na karafuu mdomoni."

Nimerudi picha ya mia tatu na kumi na mbili.
Sauti nimeifuta. Tawi nimelipunguzia mfupa.
Yeye yuko ubavuni pangu, mkongojo mapajani,
ananionesha kwa kidole ilivyokuwa.
"Hapana. Kabla kidogo. Rudisha."
Nabonyeza Tengua.
"Tena."
Nabonyeza.