Nyuzi Nne

Kioo cha friji kinasema nne.
Alfajiri nne, usiku wa manane nne,
na maziwa yamechacha humo ndani
yakanuka hadi kwenye viatu vya mlangoni.

Nje ya dirisha Ulaanbaatar imeshuka
hadi thelathini na moja chini ya sifuri.
Moshi wa makaa umekaa juu ya mapaa
kama mgeni asiyejua kuaga.
Paja la kondoo balkoni limekuwa gogo,
ukiligonga linajibu.
Mji mzima umeganda
isipokuwa sanduku nililolinunua kwa mkopo
ili kupata baridi.

Gombosuren wa ghorofa ya tano kaja, kalipiga teke,
kasema, "Limezeeka, Dulmaa. Tupa."
Nikamwambia, hata wewe umezeeka
na mkeo bado anakupakulia.
Akacheka, akamaliza chai yangu ya chumvi, akaenda zake.

Mimi nilisoma mita miaka ishirini na saba
kwenye kituo cha umeme, zamu ya usiku,
mabomba ya mvuke yakinguruma kama tumbo la ngamia.
Mshale unaotetemeka ni mshale mwema.
Uliotulia tuli, huo ndio wa kuogopwa.

Basi nikachomoa plagi.
Nikatoa rafu, karoti, siagi iliyolegea,
nikafungua kifuniko cha ndani kwa bisibisi ya marehemu,
na nyuma ya tundu la hewa nikamkuta shahidi wetu:
kichwa cheupe cha plastiki,
si kikubwa kuliko punje ya mahindi,
na nyaya mbili nyembamba kama mkia wa panya.

Glasi ya maji. Barafu niliyoikwangua balkoni.
Nikamzamisha, nikashikiza nyaya kwenye mita:
kilo-omu kumi na tatu.
Nikamtoa, nikamfumbata kiganjani hadi akapata joto.
Kumi na tatu.
Nikamtia kwapani, kama nilivyowapima watoto homa.
Kumi na tatu.
Aliye mzima angepanda kwenye barafu,
angeshuka kwenye mwili wa mtu.
Huyu unyevu umemwingia kichwani,
amekariri jibu moja,
na kompresa, masikini, inamwamini, inalala.

Simu ikalia. Temuulen, kutoka Busan,
kofia ya kiwandani bado kichwani.
"Mama, habari za huko?"
"Njema."
"Na goti?"
"Zuri."
"Mnapata joto?"
"Tunapata," nikasema, kwa wingi,
kana kwamba kuna mwingine humu ndani.

Kihisi bado kilikuwa kwapani.
Mezani mita ilisoma kumi na tatu.
Nikaitazama. Ikanitazama.

"Temuulen," nikasema, "goti limevimba wiki ya tatu sasa.
Lifti imekufa, na ngazi nazishuka kwa makalio
kama mtoto.
Maziwa nayo yameharibika."

Kimya. Kisha sauti yake
ikatetemeka, kidogo tu.
"Nisomee namba ya hicho kifaa," akasema.
"Nisomee polepole, nikutafutie kingine."

Nikavaa miwani, nikasogea taani.
Tarakimu ya mwisho imefutika:
huenda ni tatu, huenda ni nane.
Nikamwambia hivyo hivyo. Huenda.

Maziwa mapya nimeyaweka balkoni,
pembeni ya kondoo.