Dole la Pembeni

Saa nne usiku, Kuze. Feni inazunguka kama isotaka.
Nimefungua picha aliyoniletea Bi Mwanakweli:
tawi la asumini kwenye kopo la maziwa ya unga,
nyuma yake dirisha, nyuma ya dirisha waya za stima,
na pembeni, kushoto, ukungu mwekundu:
dole gumba la mpigaji, limekula robo ya mbingu.

"Nitengezee," aliniambia, "niitundike sebuleni.
Ila usiifanye ikawa kalenda ya benki."

Haya. Kwanza nikapunguza mwanga,
weupe uliokuwa ukiunguza macho ukarudi kuwa petali.
Nikatia kichujio cha samawati,
asumini ikawa mgonjwa wa homa; nikakitoa.
Nikatia cha dhahabu, ikawa harusi ya watu nisiowajua.
Nikabakisha dhahabu kidogo, asilimia kumi na mbili,
kiasi cha chumvi kwenye wali wa nazi.

Kisha mikwaruzo. Mimi ni mwizi wa kuta:
nina chokaa iliyobambuka kule Kibokoni,
nina kutu ya kontena moja la Shimanzi,
gunia la vitunguu la Marikiti,
leso ya mamangu iliyofuliwa mpaka jina lake halisomeki.
Zote nimezipiga kwa simu, mchana kweupe,
watu wakinitazama kama nimerukwa.
"We, wapiga picha ukuta? Ukuta una nini?"
Una ngozi, ndugu yangu.

Nikalaza chokaa juu ya asumini, nikaififiza,
nyufa zikapita kwenye petali kama mishipa ya mkono.
Gunia nikalitandaza angani, waya zikazama humo,
hata sijui tena upi wa stima, upi wa katani.

Likabaki lile dole.
Nikashuka tabaka za chini na brashi ya kuponya
(ndivyo inavyoitwa, sikuipa jina mimi),
nikachota mbingu ya kulia, nikaipaka kushoto,
mara tatu, mara nne, na wekundu ukaisha
kana kwamba hapakuwahi kuwa na mtu.

Asubuhi akaja, baibui lina vumbi la Kongowea.
Akaitazama. Akavaa miwani, akaitazama tena.
"Imependeza," akasema,
kama mtu anayeshukuru kwa chai isiyo sukari.
"Na Zamzam yu wapi?"

"Zamzam nani?"

"Aliyeipiga. Hapa pembeni, si alikuwapo?
Alikuwa katoka kutiwa hina, harusi ya mpwawe.
Hajui kushika simu yule, kila picha ana dole.
Nami nilikuwa nikimcheka."

Sikumuuliza zaidi.
Katika kazi hii hakuna kufuta, kuna kufumba:
kila tabaka lina kijicho chake.
Nikakibonya. Dole likarudi,
jekundu, kubwa, halina haya,
nalo limeshaingia nyufa za chokaa, limeshaingia nyuzi za gunia,
kama kwamba ukuta wote ule nilioiba
ulikuwa ukingoja mkono wa kuushika.

"Ongeza wekundu," akasema.
Nikaongeza.
"Tena."
"Bi Mwanakweli, asumini itapotea."
"Asumini tele sokoni," akasema. "Tena."