Kiungo cha Tatu

Uwanja wa watoto wa Pasua una geti moja,
mbuzi wawili wasiolipa kiingilio,
na bembea nne. Tatu zina viti,
ya nne ina tairi la pikipiki
na hiyo ndiyo inayogombewa.

Nimekuja na wanangu, Jumamosi, saa nne.
Nakunda ana miaka sita, meno ya mbele hana.
Elinami ana mitatu, amevaa buti za mvua
ingawa jua linachoma, na hataki mjadala.
Mlima umejifunika mawingu,
hauna habari na sisi.

Wazazi wengine wameketi kwenye ukingo wa mtaro,
wanamenya machungwa,
wanafoka bila kuinua macho:
"We Godlisten, shuka!"
Godlisten hashuki.
Mimi siketi. Mimi nazunguka nguzo
kama mtu aliyedondosha funguo.

Kwa sababu bembea hizi nilizichomelea mimi.
Kabla sijaoa. Mwenyekiti wa mtaa
alinipa mabomba chakavu ya maji,
nusu ya hela, na ahadi ya nusu nyingine
(ahadi bado ipo, ina afya njema).
Kiungo cha kwanza kilikamata. Cha pili kikakamata.
Cha tatu, katikati ya mshono, umeme ukakatika.
Nikangoja mpaka mbu wakanijua kwa jina.
Kesho yake nikamalizia juu kwa juu,
nikapaka bluu, mara mbili,
na rangi, kama mjuavyo, haina ulimi.

Miaka tisa kimebeba makalio ya mtaa mzima
nami nikilala usingizi.
Ila sasa anayekwenda na kurudi chini yake
ni huyu kibogoyo wangu.
"Nisukume, baba! Mpaka nione bati la kwa bibi!"
Namsukuma kwa vidole viwili.
"Baba, mbona unasukuma kama unaomba ruhusa?"

Basi kila Jumamosi, kabla hajakaa,
najinyoosha, naweka kiganja pale juu,
natafuta ufa kwa ncha ya kidole,
nasikiliza chuma.
"Unamsalimia nani huko?"
Nikakosa jibu, nikasema:
"Bembea. Bembea husalimiwa kwanza."

Uongo wa mzazi haukai bure, mtoto huupa kazi.
Wiki mbili tu, foleni nzima,
mpaka watoto wa kutoka Bomambuzi,
wanapiga nguzo kofi kabla ya kupanda:
"Shikamoo, bembea!"
Tairi linatikisika kidogo,
kama mtu mzima aliyechoka kuitikia.
Elinami hapendi makofi,
anaipiga teke kwa buti. Naye amesalimia.

Wanawasalimia wenzao wote kwa kosa langu.

Jumatatu alfajiri nikasukuma mashine kwa toroli,
nikavuta umeme kwa kinyozi wa ng'ambo ya barabara.
Nikasaga bluu. Chini ya bluu, bluu.
Chini yake, pale pale ulipokatika umeme,
mstari wa kutu, mwembamba kama unywele,
umekaa kimya miaka yote hiyo, ukihesabu.
Nikachomelea polepole. Siku hiyo umeme haukwenda popote.
Kinyozi akataka elfu mbili yake.
Hakuna mwingine aliyeuliza kitu.

Jumamosi iliyofuata nikaketi kwenye ukingo wa mtaro
kwa mara ya kwanza.
Mtu akanipa chungwa. Nikalimenya lote
bila kukata ganda.
Kule kwenye bembea, mtoto mgeni mwenye gauni la njano
akarukia tairi bila salamu,
na Nakunda akamshusha kwa mkono:
"Kwanza salamu! Muulize baba yangu,
yeye ndiye anayejua."

Wakageuka wote kunitazama.
Juisi ikinichuruzika mpaka kwenye kiwiko,
nikainuka,
nikaenda kugusa.