Kabla ya Mwaka

Hapa Mkomani uwanja wa ndani twauita kiwanda,
wala hakitengenezi kitu ila majani:
hatua kumi kwa saba, kuta za matumbawe,
na mwezi wa tatu udongo wake mgumu
kama mkate wa juzi.

Mimi ni fundi wa kofia. Mkono wangu umezoea sindano.
Lakini tangu vuli nyonga imemlaza shangazi Mwanashee ghorofani,
na mvua haingoji nyonga ya mtu ipone,
basi jembe limeniangukia mimi,
na yeye yuko juu ya dirisha, haonekani, anasikia.

"Shekuwe! Hiyo si sauti ya jembe, hiyo sauti ya kijiko.
Chimba!"

Nachimba. Natoa kifuniko cha birika,
ufunguo usio na mlango, vifungo viwili vya kanzu,
na chini kabisa udongo wenye ubaridi kidogo,
ubaridi wa vuli uliosahaulika huko.

Samadi nimeinunua kwa Bunu mwenye punda,
shilingi hamsini kapu, maneno bure.
"Mbichi au ya kale?"
Ya kale, nasema.
"Ilete niinuse."
Nikampandishia kiganja kimoja, ngazi kumi na tisa,
akaisogeza puani kama mtu anayechagua udi wa harusi.
"Ya juma lililopita hii. Itaunguza mizizi.
Mwambie Bunu babake nilimjua, na babake hakuwa hivi."

Nikarudi kwa Bunu.
Nikakwangua mfereji wa darini: majani, kiota, kiatu cha mtoto nisiyemjua,
ili maji ya kwanza yafike pipani,
maana kisima chetu kina chumvi, na mchicha haudanganyiki.
Nikaloweka mbegu za boga usiku mmoja, za bamia mmoja na nusu.
Nikachana mrehani mapande matatu,
moja nikalipitisha juu ya ukuta kwa Bi Rukia,
ambaye hatusemeshi tangu ule mgogoro wa bomba.
Bakuli lilirudi na halua. Maneno bado.

Kisha mdimu.

Niliambiwa: toa matawi makavu, hayo tu.
Lakini mkasi una utamu wake.
Nikapunguza upande wa kibla, nikaona wa pili umezidi,
nikasawazisha, nikarudi wa kwanza,
hivyo hivyo, kama ninayekata kitambaa,
hata nilipojitenga kuutazama
mti mzima ulikuwa kichwa kilichovuliwa kofia.

Harufu ya mdimu uliokatwa hupanda ngazi upesi kuliko mtu.
Nikangoja kelele.
Nikasikia cherehani nyumba ya tatu. Nikasikia chungu siafu, nadhani.

"Umeukata."
Nimeukata.
"Aliupanda mamako."

Hilo sikulijua. Nimekula ndimu zake miaka arubaini,
nimeng'oa miiba yake kidoleni kwa meno,
na hakuna aliyeniambia.

"Naye alikuwa hivyo hivyo," akasema,
"ukimpa mkasi humnyang'anyi. Ukaponea chupuchupu kila mwaka.
Umwagilie. Na majivu shinani, usisahau majivu."

Jana tumepanda kavukavu,
mimi kwa vidole, yeye kwa kuhesabu kutoka juu:
shimo, tatu, funika; shimo, tatu, funika;
mbegu zote sasa zimelala vumbini kwa imani.
Mvua hii ya masika wazee wetu waliiita mwaka,
kana kwamba miezi mingine yote
ni foleni tu.

Usiku huu, saa nane,
maji yakashuka kwa kishindo nje ya ukuta, mengi, ya ghafla.
Nikakaa kitandani. Juu nikasikia kitanda chake kikilia.
Hakuna aliyepumua.

Yakakatika.
Kwato mbili tatu zikasogea juu ya mawe ya uchochoro,
punda wa Bunu, ametua mzigo wake, anakwenda zake.

"Bado," akasema shangazi gizani.
Bado, nikasema.